Bond wa sikukuu: Mzazi, usikimbilie jikoni

Krismasi ya Uingereza ina mambo yake yasiyokosekana. Bata mzinga yumo ndani ya oveni tangu asubuhi, hotuba ya Mfalme inasikika saa tisa alasiri, na kabla vyombo havijaoshwa, kwenye runinga ya sebuleni anatokea mwanamume aliyevaa suti nyeusi. Anatembea, anageuka ghafla na kufyatua risasi kuelekea kwa watazamaji. Hakuna anayeuliza huyo ni nani. Babu anamjua, baba anamjua, na kijana wa miaka 12 aliyeinamia simu yake tangu chakula kilipokwisha anainua kichwa.

Ni James Bond, jasusi namba 007. Filamu yake ya kwanza, Dr. No, ilizinduliwa London Oktoba 5, 1962. Ya 25 katika mfululizo huo, No Time to Die, ilitoka mwaka 2021. Ukizipanga zote moja baada ya nyingine, utakaa kwenye kochi zaidi ya saa 50, na hapo hujahesabu matangazo ya biashara. Kwa mpangaji wa vipindi hiyo ni neema. Wiki ya sikukuu wafanyakazi wengi wa televisheni nao wako likizo, lakini mashine ikishawekewa Bond, ina cha kurusha mchana na usiku hadi mwaka mpya.

Mazoea haya yana umri mkubwa kuliko wazazi wengi wanaoyaendeleza. Kituo cha ITV kilirusha Dr. No kwa mara ya kwanza Oktoba 1975. Siku ya Krismasi ya mwaka 1978 kikaonyesha Diamonds Are Forever, na tangu hapo Bond na sikukuu vikawa kama pilau na kachumbari. Kilele kilikuwa Januari 20, 1980, siku ya Jumapili, ilipoonyeshwa Live and Let Die. Watu milioni 23.5 waliitazama, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 56 na chaneli tatu tu. Asubuhi iliyofuata, kazini na shuleni, aliyekuwa hajaiona hakuwa na la kusema.

Marekani ilianza mapema zaidi, pale ABC ilipoonyesha Goldfinger Septemba 1972. Baadaye televisheni ya kebo ya TBS ikawa na msimu wake ulioitwa 15 Days of 007, kisha Spike ikachukua desturi hiyo. Huko Bond huandamana pia na sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo familia husafiri mbali kwenda kula pamoja na baadaye kukosa cha kuzungumza.

Hapo ndipo Bond anapokuwa na msaada wa kweli. Kila mtu sebuleni ana Bond wake. Babu hasikii lolote kuhusu mwingine zaidi ya Sean Connery. Baba alilelewa na Roger Moore, yule wa kuinua nyusi na kufanya mzaha wakati nyumba inaungua. Mjomba atamtetea Timothy Dalton peke yake, kama shabiki wa timu iliyoshuka daraja. Mama anamkumbuka Pierce Brosnan kwa sababu zake mwenyewe, na vijana wanamjua Daniel Craig, anayeloa damu na kuchoka kama binadamu. George Lazenby, aliyecheza mara moja tu, kwa kawaida hana wakili. Ubishi huo hauhitaji elimu wala fedha, na unaweza kumkutanisha mtoto wa miaka kumi na mzee wa miaka 75 wakiwa sawasawa. Ukitaka kuukoleza, waambie kwamba Moore, aliyemrithi Connery, alikuwa amemzidi umri kwa miaka mitatu. Wengi hawaamini.

Lakini ukurasa huu ni wa familia, na kuna jambo ambalo baba aliyekulia na filamu hizi hulisahau mpaka mtoto wake anapokuwa ameketi kando yake. Goldfinger ni ya mwaka 1964. Filamu haijaenda mbali, Bond yuko Miami kando ya bwawa la kuogelea na msichana anayemkanda mabega. Rafiki yake wa kazini anafika. Bond anamwambia msichana aondoke kwa kuwa wanaume wana mazungumzo yao, kisha anampiga kofi la makalio. Mwaka 1980 sebule nzima ilicheka. Leo binti wa miaka 11 anamgeukia baba yake na kumtazama tu.

Baadaye katika filamu hiyo hiyo kuna tukio la ghalani, ambapo mwanamke anakataa, anasukuma, anapambana, na mwishowe filamu inataka mtazamaji aamini kwamba kumbe alikuwa anataka. Muziki unakuwa mtamu. Kwa mvulana anayeanza kubalehe, hilo ni somo, na ni somo baya kabisa: kwamba hapana ya mwanamke ni mlango unaohitaji kusukumwa zaidi.

Wazazi wengi hapa hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayenyakua rimoti na kubadili chaneli, na kuna anayekumbuka ghafla kwamba chai haijawekwa jikoni. Vyote viwili vinamwacha mtoto na alichokiona, tena kikiwa na utamu wa kitu kilichofichwa. Kinachofaa ni kigumu zaidi, nacho ni kubaki pale na kusema sentensi moja. "Yule dada alikataa, na huyu steringi alikosea." Hakuna haja ya mhadhara. Mtoto hatakumbuka mhadhara, ila atakumbuka kwamba baba, anayempenda Bond kiasi kile, alisema Bond amekosea.

Kuonyesha filamu hizi kwa mfululizo kuna faida hapo, faida ambayo filamu moja peke yake haina. Ukitazama Goldfinger mchana na GoldenEye jioni, umeruka miaka 31 kwa siku moja. Katika GoldenEye ya mwaka 1995 bosi wa Bond ni mwanamke, Judi Dench, naye anamwita ofisini na kumwambia usoni kwamba yeye ni mnyama wa kale asiyewaheshimu wanawake, mabaki ya Vita Baridi. Bond anameza mate. Watengenezaji wa filamu walijua walichokuwa wamekifanya miaka ya nyuma, wakaamua kukisema wenyewe. Mtoto aliyeona kofi la mchana anaelewa maneno ya jioni bila kufafanuliwa. Hata sigara zina safari yake: Bond wa kwanza alionekana na sigara mdomoni, lakini Licence to Kill ya mwaka 1989 ilimaliza kwa onyo la afya kuhusu tumbaku. Watu hawalioni kwa sababu hakuna anayesoma yale maandishi ya mwisho.

Kwa familia zenye asili ya Afrika zinazoishi Uingereza, kuna mzigo mwingine. Ile Live and Let Die iliyovunja rekodi imejaa watu weusi, na karibu wote ni maadui. Yaphet Kotto anacheza kwa ustadi kama Kananga, kiongozi wa kisiwa cha kubuni na mfanyabiashara wa dawa za kulevya, lakini kadiri filamu inavyokwenda, Harlem nzima inaonekana kuwa kwenye malipo yake: dereva wa teksi, mhudumu wa baa, mpita njia. Mtoto mweusi aliyeitazama Jumapili ile ya 1980 alikwenda shule kesho yake na wenzake walioitazama pia.

Miaka 26 baadaye ikaja Casino Royale, na safari hii ramani inafika Afrika Mashariki. Maandishi kwenye kioo yanasema Mbale, Uganda. Kinachoonekana ni kambi ya waasi msituni, matope, bunduki, na kiongozi wa wanamgambo anayekabidhi fedha zake kwa benki ya wahalifu. Tukio hilo halikupigwa Uganda, na lile la Madagascar katika filamu hiyo hiyo lilipigwa Bahamas. Mbale yenyewe ni mji wa biashara chini ya Mlima Elgon, katika eneo linalosifika kwa kahawa. Ikiwa bibi ya watoto ametokea upande huo, au hata Kitale ng'ambo ya mpaka, dakika zile mbili zinatosha kumpa nafasi ya kusimulia Elgon aliyoijua yeye: baridi ya asubuhi, matoke, soko. Adui Le Chiffre anaweza kusubiri. Matangazo ya biashara yako karibu.

Si kila kilicho kigumu katika filamu hizi ni aibu, maana kuna huzuni pia. On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969 ndiyo filamu ya Bond inayostahili Krismasi kuliko zote, kwani sehemu kubwa inatokea msimu huo kwenye theluji ya Uswisi. Bond anaoa. Dakika chache baada ya harusi, mkewe Tracy, aliyechezwa na Diana Rigg, anapigwa risasi ndani ya gari. Filamu inaishia hapo, naye amemkumbatia. Watoto wadogo waliozoea kwamba steringi hushinda huduwaa. Miaka 12 baadaye, For Your Eyes Only inaanza na Roger Moore akiweka maua kwenye kaburi la Tracy. Mwigizaji amebadilika, uso si ule, lakini msiba ni ule ule. Katika nyumba iliyofiwa mwaka huo, hapo ndipo mtu hutaja jina la asiyekuwepo mezani. Hutokea, na mara nyingi anayelitaja ni mtoto.

Ni kweli kwamba siku hizi hakuna anayelazimika kungoja. Amazon iliinunua MGM mwaka 2022, filamu zinapatikana mtandaoni, na kila chumba kina kioo chake. Kijana anaweza kuimaliza Goldfinger kitandani, earphone masikioni, saa saba usiku. Ataliona kofi, ataliona tukio la ghalani, na hakutakuwa na mtu kando yake. Ndiyo maana ratiba ya televisheni, pamoja na matangazo yake ya marashi na sofa, bado ina kazi. Inaamua saa, na nyumba nzima inaifuata.

Mzazi anayetaka kuifuata atazame kwanza umri. Nyingi za zamani ziliruhusiwa Uingereza kwa watoto walio na uangalizi wa wazazi, lakini Licence to Kill ilipewa daraja la miaka 15 na kuendelea, na kwa haki, maana ina ukatili. Zile za Daniel Craig zilikusudiwa wenye miaka 12 kwenda juu, na mateso ya Casino Royale, yule mtu uchi kwenye kiti, si ya mtoto wa miaka saba hata kama kaka zake wote wako macho. Huko vituo havitakiwi kurusha mambo ya watu wazima kabla ya saa tatu usiku. Ni mpaka mzuri wa kumpeleka mdogo kulala, ingawa atapinga.

Na atakosa kitu. No Time to Die ina dakika 163, hivyo ikiwekewa matangazo inapita saa tatu, na mara nyingi huwekwa usiku. Babu ameshaanza kukoroma kabla adui hajaeleza mpango wake. Karibu na mwisho, Bond, baada ya miaka 59 ya kasino na magari ya kasi, yuko ndani ya nyumba asubuhi na mtoto wa kike aitwaye Mathilde, akimmenyea tufaha. Haongei sana. Anamenya polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu. Baba aliyekua na Roger Moore anaitazama sehemu hiyo bila mzaha wowote, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyemfunika mdogo blanketi.