Lehemu Si Ugonjwa wa Wanene Peke Yao

Mtu akianguka ghafla, akapooza mkono na mguu, watu husemaje? "Karogwa huyo!" Basi tunampeleka kwa mpiga ramli, na saa za kumwokoa zinapita.

Kiharusi kina sababu nyingi, kama vile shinikizo la damu. Leo tuitazame sababu moja: lehemu.

Lehemu ni nini?
Ni kitu laini kama nta. Kimo katika damu ya kila mtu. Ini hukitengeneza, maana mwili unakihitaji. Ubaya ni kikizidi. Hapo hujishika ndani ya mishipa, kama mafuta ya mchuzi yanavyoganda sufuriani. Njia ya damu inakuwa nyembamba. Ikiziba moyoni, moyo unaumia. Ikiziba kichwani, ni kiharusi.

Sababu tunazojiletea
1. Kula mno nyama ya mafuta, samli na mawese. Mafuta ya alizeti ni afadhali.
2. Kukaa tu bila kazi ya mwili. Siku hizi hata kwenda gengeni tunapanda bodaboda!
3. Kunenepa kupita kiasi.
4. Tumbaku na pombe nyingi. Rubisi nayo ni pombe.

Sababu za mwilini
1. Kurithi. Kama baba alikufa kwa moyo akiwa bado kijana, watoto wapimwe mapema.
2. Ugonjwa wa kisukari au wa figo.
3. Tezi ya shingoni kufanya kazi kwa uvivu.
4. Umri. Mama aliyekoma hedhi naye ajihadhari.

Kwa hiyo hata mkulima mwembamba, anayelima kutwa, anaweza kuwa nayo. Lehemu haiumi wala haiwashi. Haijulikani kwa kutazama mtu. Hujulikana kwa kupima damu tu. Ukienda hospitali ya wilaya, Ngara au Biharamulo, ulizia kipimo hicho. Ukipewa dawa, usiiache bila kumwuliza mganga.

Hatusemi nyama isiliwe. Tunasema ipunguzwe mafuta, na maharage, mboga na matunda yazidi. Na mtu akipooza, awahishwe hospitali saa ile ile.

Jadilini kikundini
1. Kwa nini mtu mwembamba naye apimwe?
2. Nyumbani kwenu mnapikia mafuta gani?