Eti nyuklia inaona aibu ikitazamwa?

Wadau, Machi 1989 Fleischmann na Pons, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walidai viini vya atomi vinaungana kwenye chupa ya maji mazito, kwa paladi na umeme kidogo tu, na kutoa joto. Wengi wakarudia, wapi! Sasa wapo wanaojitetea kwa kwantamu: eti ukipima, unaharibu.

Mi sikubali. Kweli, jaribio la 1990 lilionyesha atomi za berili zikipimwa mfululizo zinachelewa kubadilika. Ila "kutazama" huko si jicho la mtu, ni kuguswa na chochote, hata mwanga. Ndani ya paladi atomi zinagusana muda wote, uwepo usiwepo! Na kipimajoto kinasoma maji, hakichungulii viini.

Google waligharimia utafiti, ripoti ikatoka 2019: ushahidi hamna.