Probu Ijibu Kwanza "Hapana"

Kipimo cha PCR kinataka joto lipande hadi nyuzi 95 hivi, lishuke, lipande tena, mara 30 na zaidi. Umeme ukikatika katikati, kazi imeharibika. Msichana wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) pale Sekondari ya Kilakala ana haki ya kuuliza kama hakuna njia ya kuzidisha DNA kwa joto moja tu, la nyuzi 30, ambalo mchana wa Februari Morogoro hulifikia wenyewe. Ipo. Tena inafaa kwa kitu ambacho PCR ya kawaida hukishika kwa taabu: maikroRNA.

Hizi ni RNA fupi mno, herufi 22 hivi. Hazitengenezi protini, huzuia jeni nyingine zisitengeneze. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliielezea ya kwanza mwaka 1993, katika mnyoo mdogo, wakapata Nobel mwaka 2024. Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuzijali. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alielezea saratani inayovimbisha taya za watoto. Baadaye ilionekana kuwa ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria hupungua. Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa aina hiyo uliotoka Uganda, na mwaka 2004 vikawa virusi vya kwanza kujulikana kuwa na maikroRNA zake vyenyewe. Sisi tunaokaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tuko upande wa malaria.

PCR hupata taabu kwa sababu kila kimoja cha vianzishi vyake viwili kina urefu unaokaribia maikroRNA nzima. Njia nyingine ni probu ya kufuli, iliyobuniwa Uppsala, Sweden, mwaka 1994: uzi mmoja wa DNA ambao ncha zake mbili hulingana na nusu mbili za maikroRNA. Zikikutana juu yake, kimeng'enya cha kuunga huzifunga, uzi ukawa duara. Kisha phi29, kimeng'enya kilichotoka kwenye virusi vya bakteria, huanzia kwenye ncha ya maikroRNA yenyewe na kuzunguka duara bila kukoma, kama mtu anayevuta tasbihi. Kwa saa moja duara moja hutoa nakala elfu moja hivi, zimeungana kwenye uzi mmoja mrefu.

Nguvu hiyo ndiyo hatari yake, maana kosa nalo huzidishwa. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza mrija usiotiwa maikroRNA unasema nini. Ukiwaka, yaani ukionyesha nakala, probu haifai hata kama mirija mingine imependeza kwenye grafu. Huenda inajikunja na kujifunga yenyewe, au nyuzi zilizobaki wazi zimempa phi29 kazi. Nyuzi hizo husafishwa kwa vimeng'enya vya eksonukliesi I na III, ambavyo hula DNA yenye ncha na kuacha duara. Mrija wa pili haupewi kimeng'enya cha kuunga. Nao lazima usiwake.

Mtihani mgumu ni wa ndugu. Familia ya let-7 ina wanachama wanaotofautiana kwa herufi moja. Let-7a na let-7f hutofautiana kwenye herufi ya 12, karibu na katikati, hivyo unaweza kupanga kiungo cha probu papo hapo, na herufi isiyolingana ikakwamisha ufungaji. Let-7c hutofautiana na let-7a kwenye herufi ya 19. Ukisogeza kiungo huko, ncha moja hubaki na herufi tatu nne za kujishikia, ikabanduka. Kuchagua kimeng'enya cha kuunga, yaani ligesi, hakuondoi tatizo: ligesi ya T4 huunga DNA juu ya RNA polepole, ile ya virusi vya mwani wa Chlorella ni ya haraka lakini husamehe makosa zaidi.

SUA, chuo kikuu cha kilimo kilicho mji huu huu, kina maabara za molekuli, na ningependa kuona kazi hii ikifanyika hapo. Anayeagiza probu asisahau kuomba fosfeti kwenye ncha ya 5'. Bila hiyo hakuna kinachofungwa. Damu ya mgonjwa nayo ichunguzwe kabla ya kuingia mrijani. Seli nyekundu zina miR-451 na miR-16 kwa wingi, na zikipasuka njiani kutoka kijijini, zitamwagia plazima maikroRNA ambazo hazihusiani na ugonjwa. Plazima iliyogeuka rangi ya waridi isipimwe. Mgonjwa atolewe damu upya.