Umepasuliwa Tumbo? Usiikimbilie Ngoma

Ndugu msomaji, mavuno yamekwisha na ngoma zinalia. Wewe ni mchezaji hodari, lakini mwezi uliopita ulipasuliwa tumbo hospitalini. Labda ulikuwa na ngiri. Labda ulijifungua kwa kupasuliwa. Sasa kidonda kimefunga na nyuzi zimetolewa. Je, urudi uwanjani? Bado.

Tumbo lina matabaka. Nje kuna ngozi. Ndani kuna mafuta, nyama, na utando mgumu unaozuia matumbo yasitoke. Daktari alikata matabaka hayo, kisha akayashona. Ngozi hufunga kwa wiki moja au mbili. Utando wa ndani hupona kwa miezi. Ni kama ukuta wa udongo: nje umekauka, ndani bado mbichi.

Ukiruka na kuzungusha kiuno, matumbo husukuma mshono. Ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma, ambayo huchezwa na majembe mikononi, ni kazi nzito. Mshono wa ndani ukiachia, matumbo hupenya na uvimbe hutokea. Hiyo ni ngiri ya kovu. Mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa tena.

Fuata hatua hizi:

1. Wiki mbili za kwanza, tembea kidogo kidogo kila siku. Usilale kutwa, damu inaweza kuganda miguuni. Ukikohoa, kandamiza mshono kwa kanga iliyokunjwa.

2. Mpaka wiki ya sita, usibebe mizigo, usilime, usitwange. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Hiyo si yako. Baba, mchotee mkeo maji. Kula mboga na matunda, unywe maji ya kutosha, ili usijikamue chooni. Ngomani kaa, imba, piga makofi.

3. Baada ya wiki ya sita, rudi kwa daktari akupime. Akikuruhusu, cheza polepole kwa dakika chache, bila kuruka. Ukisikia maumivu, acha. Ongeza kidogo kidogo. Kuruka na majembe kusubiri miezi mitatu au zaidi.

Upasuaji hautofautiani kwa jina tu. Mkubwa huhitaji muda mrefu zaidi. Kama hospitali ilikupa muda mwingine, fuata huo.

Nenda hospitali mara moja ukiona homa, usaha, mshono kuvimba au kufunguka. Nenda upesi pia uvimbe ukikataa kurudi ndani, ukauma, nawe ukatapika. Utumbo huenda umebanwa, na utumbo uliobanwa huua. Usiukande wala usiuchanje.

Wako wanaofunga tumbo kwa kanga, wakadhani wamepona. Kanga haishoni utando wa ndani. Siku ndizo zinazoponya.

Ndugu msomaji, ngoma ya mwaka huu ikikupita, ya mwakani ipo. Tumbo ulilo nalo ni moja.

Jadilianeni darasani: mwenzetu akitoka kupasuliwa, nani atamchotea maji, na nani atamlimia?