Fahamu: Kwa nini dereva wa lori Marekani hawezi kujisimamia vipimo vya ulevi
Nchini Marekani, dereva wa lori kubwa anayejiajiri analazimika kisheria kujiunga na kundi la upimaji linalosimamiwa na wakala wa nje. Ni sawa kabisa: vipimo vya kushtukiza hupangwa kwa bahati nasibu, na hakuna anayeweza kujishtukiza mwenyewe. Kwa mwaka, vipimo vya dawa za kulevya lazima vifikie angalau asilimia 50 ya idadi ya madereva, vya pombe asilimia 10.

Kampuni za usafirishaji nazo hukodi mawakala hao, ila wajibu haukodishwi. Wakala akizembea, anayebanwa na serikali ni mwajiri.

Tangu Novemba 18, 2024, dereva aliyepigwa marufuku baada ya kufeli kipimo hupoteza leseni ya malori makubwa mpaka apitie tathmini, elimu au matibabu, kisha apimwe upya.