Nani Humfundisha Mwalimu wa Tabibu?

Katika zahanati na vituo vya afya, mkazi wa Nyegezi hupokewa mara nyingi na tabibu au muuguzi, na daktari humwona kwa nadra. Uhodari wa watumishi hao mkazi huufahamu, na upungufu wao pia. Asiyemwona ni mwalimu aliyewafundisha, wala hajui mwalimu huyo alijifunzia wapi kazi ya kufundisha. Hata hivyo, pengo katika mafunzo hayo halibaki darasani. Huishia kwa mgonjwa aliyepewa dawa isiyomfaa, au kwa mama mjamzito ambaye shinikizo lake la damu lilipimwa vibaya.

Kwa Nyegezi habari hii si ya mbali. Mwaka 1960 kilianzishwa hapa kituo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilipanda na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Chuo cha sayansi za afya kilipofunguliwa Bugando mwaka 2003, kiliwekwa chini ya SAUT kikiwa chuo kishiriki. Kwa hiyo vijana wa kwanza kusomea shahada ya udaktari Mwanza walikuwa, kwa karatasi, wanafunzi wa chuo kikuu cha Nyegezi. Walikuwa 10 tu. Hospitali ya Bugando yenyewe ilifunguliwa mwaka 1971, na ingawa mafunzo ya kada nyingine yalikuwapo, ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya shahada hiyo kuanza. Sasa chuo hicho kinajitegemea na ni chuo kikuu kamili, CUHAS.

Kujenga madarasa huchukua muda mfupi kuliko kupata walimu. Daktari bingwa anayefundisha ndiye huyohuyo anayengojewa wodini, chumba cha upasuaji na kliniki, na saa zake ni zilezile. Isitoshe, kujua kutibu na kujua kufundisha ni stadi mbili tofauti. Mtu aweza kupasua kwa ustadi mkubwa na bado akashindwa kumweleza kijana kwa nini alikata hapa na si pale.

Kwa sababu hiyo nchi ina taasisi ya kitaifa yenye kazi ya kuwafundisha wakufunzi wa afya. Ni kituo cha uendelezaji wa elimu ya afya kilichopo Arusha, kijulikanacho kwa kifupi cha CEDHA, kilicho chini ya Wizara ya Afya tangu miaka ya 1980. Anayekwenda huko kusomea ukufunzi tayari ana taaluma yake, mathalani ya uuguzi au utabibu. Anachotafuta ni namna ya kuandaa somo, kufundisha stadi ya mikono hatua kwa hatua, na kutunga mtihani unaopima kile mwanafunzi awezacho kutenda, si kile alichokariri tu.

Mtihani wa namna hiyo hupangwa kwa vituo. Mtahiniwa huingia kituo kimoja akapima shinikizo la damu, kingine akamhoji mtu anayeigiza mgonjwa, kingine akamsaidia mama kujifungua kwa kutumia sanamu. Kila kituo kina mtahini na orodha yake: je, alinawa mikono, alijitambulisha, alichagua mkanda wa kipimo unaolingana na mkono? Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, kipimo husoma juu kuliko hali halisi, na mtu mzima huweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Ni jambo dogo ambalo mwalimu asiye makini huliruka.

Mfano wa karibu zaidi umo ziwani. Kijana wa mwaloni anafika hospitalini akitapika damu. Mwanafunzi aliyesomea vitabu vya nchi za mbali atawaza vidonda vya tumbo au pombe. Mwalimu aliyezoea Kanda ya Ziwa atamwelekeza aulize kwanza: unafanya kazi gani, unaoga wapi, tumbo limeanza kujaa lini? Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huliumiza ini, mishipa ya umio ikavimba na kupasuka. Kikigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Maswali hayo matatu ni mepesi, ila lazima awepo mtu wa kuyafundisha.

Mzazi anayetaka mtoto wake aingie fani hii na afahamu njia zake. Stashahada ya utabibu au uuguzi kwa kawaida huchukua miaka 3, na mwombaji wa kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Udaktari ni miaka 5 chuoni na mwaka 1 wa utarajali. Vyuo vya kati husajiliwa na NACTVET, vyuo vikuu na TCU. Kabla ya kulipa ada, usajili wa chuo na wa kozi yenyewe uhakikiwe kwa mamlaka hizo, kwa maana chuo chaweza kuwa na usajili huku kozi inayotangazwa ikiwa haina. Swali jingine lafaa kuulizwa chuoni, ingawa wazazi wachache huliuliza: wakufunzi ni wangapi, na wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani?

Mkazi anayelazwa katika hospitali ya kufundishia naye ana nafasi yake. Mwanafunzi anayekaribia kitanda hupaswa kujitambulisha kuwa ni mwanafunzi na kuomba ridhaa. Mgonjwa anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa matibabu yake hayapungui. Wengi hukubali, na mara nyingi hupata faida, kwa kuwa mwanafunzi huwa na muda wa kusikiliza. Uamuzi wa matibabu hubaki kwa mwenye leseni anayemsimamia, na mgonjwa ambaye hajamwona msimamizi huyo anaweza kumuuliza muuguzi wa zamu ni nani na atapita saa ngapi.