Herufi Kubwa, Herufi Pana na Majina ya Watu

Wanafunzi wa isimu wanaojifunza kompyuta huuliza: mashine hujuaje kwamba herufi fulani ni kubwa? Swali hili laonekana dogo, lakini katika eneo letu lina uzito. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, upande wa Ngarama na kwingineko, wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Majina yao huingizwa katika orodha za shule, za zahanati na za mgao. Jina likiharibika, mwenyewe anaweza kuambiwa hayumo.

Tuchukue mfano. Wakongo wengi huandika jina la ukoo kwa herufi kubwa tupu na jina la ubatizo kwa herufi kubwa ya mwanzo tu: MUKENDI Élie. Programu inayotaka kuyatenganisha hayo mawili hukagua herufi moja moja. Katika lugha ya C, kipimo cha zamani ni isupper, nacho hupokea baiti moja tu. Katika mfumo wa UTF-8, M ni baiti moja, lakini É ni baiti mbili. Kwa hiyo isupper huona vipande viwili, wala si herufi. Ndivyo ilivyo pia kwa Ŋ ya Kiganda, iliyomo katika neno eŋŋaali (korongo taji), ambayo sisi huiandika ng'.

Nyongeza ya mwaka 1995 katika kiwango cha C ilileta kipimo kingine, iswupper, kinachopatikana katika wctype.h. Hiki hupokea herufi pana, yaani herufi nzima iliyokwisha kugeuzwa kuwa namba moja. Katika Unicode, M ni 77, É ni 201 na Ŋ ni 330. Jibu likiwa sifuri, maana yake ni hapana. Likiwa namba nyingine yoyote, maana yake ni ndiyo. Si lazima namba hiyo iwe 1, hivyo tusilinganishe jibu na 1.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, programu ya C huanza katika mazingira ya lugha yaitwayo "C", ambamo É huenda isitambuliwe. Yatupasa kuandika mapema setlocale(LC_ALL, "") ili ifuate mazingira ya kompyuta yenyewe.

Pili, na hili lawahusu zaidi walimu wa lugha, "hapana" ya iswupper ina maana zaidi ya moja. Herufi yaweza kuwa ndogo. Yaweza pia kuwa alama tu, kama kile kibainishi cha katikati ya NG'OMBE. Au yaweza kutoka katika maandishi yasiyo na ukubwa wala udogo, kama ya Kiamhara, Kitigrinya au Kiarabu. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi: Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 haukuhitaji herufi kubwa hata moja.

Kwa mantiki hiyo, programu inayokataa kila jina lisiloanza na herufi kubwa itamkataa Mweritrea aliyeandika jina lake sahihi kabisa kwa hati yake. Nayo inayotaka kila alama iwe herufi kubwa itakwama kwenye NG'OMBE. Kanuni iliyo salama ni hii: neno ni la herufi kubwa tupu iwapo lina angalau herufi moja ambayo iswupper imeikubali, na halina hata moja ambayo iswlower imeikubali. Likikosa zote mbili, liachwe kama mwenyewe alivyoliandika.

Tunawashauri walimu walitumie somo hili darasani. Waandikeni wanafunzi majina matano ya mataifa mbalimbali, kisha waambieni wataje ni lipi lina herufi kubwa, ni lipi lina herufi ndogo tu, na ni lipi ambalo swali lenyewe halilihusu.